Uko Safi?

Walisoma kwamba alikuwa mhudhuriaji. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nyumbani kwake Isinya, na neno hilo lilipotoka kwenye kipaza sauti nilimgeukia mama aliyekuwa kando yangu nikamuuliza kama nimesikia vizuri. Akasema ndiyo, mhudhuriaji. Wasifu wa Nashipai ulikuwa umetaja ndoa yake, watoto wake, ng'ombe aliowapa majina, kibanda chake cha maziwa pale stendi, hata jinsi alivyopenda kucheka, halafu mambo yake yote na Mungu yakafungwa kwa sentensi moja: marehemu alikuwa mhudhuriaji mwaminifu wa kanisa. Si mshirika. Mhudhuriaji, mtu wa kuja na kuondoka. Mwanamke aliyekanyaga matope ya Kitengela kwenda ibadani tangu tukiwa wasichana mpaka magoti yakamkataa! Watu wakasema amina. Mimi sikusema. Nilikaza meno, na jirani yangu akanipa kitambaa akidhani nalia. Sikuwa nikilia. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika kurasa hizi, kwa hivyo anayetaka maneno matamu ya mazishi atafute kwingine.

Habari za kwetu nitaziruka. Nilitoka Ukambani, tulikuwa wengi nyumbani, inatosha. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule nilioishi Kitengela kwenye ploti ya vyumba vya mabati huku nikifanya kazi ya kuokota mayai kwenye shamba la kuku la Isinya. Siku hizo ukitoka nyuma ya ploti uliona nyasi mpaka macho yachoke. Chumba changu kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta taa, ndoo mbili, na leso niliyoitundika ili mgeni asione kitanda. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba zilizobandikwa magazeti, na hakuna lililosemwa ng'ambo yake ambalo sikulisikia. Huko aliishi Nashipai, msichana wa Kimaasai wa rika langu, mjamzito, na mume wake aliyekuwa askari kwenye shamba la maua. Jioni nilipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya kwetu, nikamgawia, yeye akanipa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na mwanzoni kila mmoja alikula cha mwenzake kwa adabu tu. Baadaye tulizoea, tukawa tunagombania ukoko wa sufuria. Usiku mmoja aliniambia kwamba mimba hiyo ilikuwa ya pili. Wa kwanza, mvulana, alikufa kabla hajaanza kutambaa, na siku ya kumzika mtu fulani alimwambia asilie kwa sababu mtoto yuko kwa Mungu. Basi Nashipai akaanza kumtafuta huyo Mungu aliyekaa na mtoto wake. Hakuwa na sababu nyingine ya kwenda kanisani, na hakuificha.

Kanisa tulilosali wote wawili lilikuwa la mabati pia, dogo, limejitenga na makanisa mengine yote, na kiongozi wake tulimwita Mwangalizi. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa upande wa Murang'a, mrefu, viatu vinang'aa hata wakati wa mvua. Sitasema alikuwa mnafiki tangu mwanzo. Aliamini. Alifundisha kwamba Kristo ametuokoa bure, kisha, bila hata kuvuta pumzi, akafundisha kwamba wokovu huo hukaa tu ndani ya mtu anayeshika sheria: usiwashe jiko siku ya ibada, usile nguruwe, usionje damu, mwanamke afunike kichwa. Neema ni mlango, alikuwa akisema, lakini sheria ndiyo nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na niliyaona maneno hayo kuwa ya hekima kubwa. Leo nikiyakumbuka natamani kurusha kitu. Kama nyumba yenyewe ni sheria, basi huo mlango wa neema ulikuwa wa kutuingiza jela.

Aliyeshika yote tulimwita safi. Kabla ya Meza ya Bwana wazee wawili walipita kati ya viti wakamuuliza kila mtu, "Uko safi?" Ukijibu kwamba uko safi, unasogea mbele unapokea mkate na kikombe. Ukinyamaza, unatoka nje mlango unafungwa mpaka Meza iishe. Sasa nakuuliza wewe unayesoma, wewe uliyekulia Kenya hii: mtu akikuuliza uko safi, unajibu nini? Stendi, sokoni, kwenye foleni ya maji, hiyo ni salamu. Ni kuulizwa hali. Nashipai alikuwa amejifunza Kiswahili akiuza maziwa, na huko aliulizwa uko safi tangu asubuhi mpaka jioni, akajibu niko safi, maisha yakaendelea. Alibatizwa akiwa na tumbo kubwa, na Mwangalizi akawaambia waliobatizwa kwamba watakaoketi kwenye Meza hapa ndio watakaoketi kule juu. Niliona jinsi Nashipai alivyolipokea hilo. Alilishika kwa mikono yote miwili.

Alijifungua msichana, Naserian, na uzazi ule nusura umchukue. Alirudi kutoka hospitali ya Kajiado mweupe midomo, hawezi kusimama mlangoni bila kushika ukuta. Ndipo mama mkwe wake akaja kutoka Rombo. Wote pale ploti tulimwita Koko, kama wajukuu wake walivyomwita, na alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alimtazama mke wa mwanawe mara moja tu, akaondoka na mtu kwenda kwenye boma la ndugu zao Isinya, akarudi na kidumu cha mafuta ya kupikia kilichojaa damu ya ng'ombe. Akaichanganya na maziwa, akamnywesha. Kwao ndivyo mzazi anavyorudishiwa damu iliyomtoka, na ng'ombe anayetobolewa mshipa hafi, anarudi malishoni. Nilisikia yote kupitia magazeti yale. Nashipai alimwambia polepole, kwa Kiswahili kwa sababu mume wake alikuwa amewazoesha hivyo, kwamba kanisani damu haitakiwi. Koko akauliza kwani huko kanisani wanakunywa nini. Nashipai akamweleza habari za kikombe, kwamba ni damu ya Yesu. Kisha nikamsikia yule mama akisema, "Sisi tunakunywa ya ng'ombe na ng'ombe anabaki mzima. Nyinyi mnakunywa ya mtu, na mtu mwenyewe mmeua. Kunywa, mtoto wangu." Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na mto. Nashipai alikunywa, siku hiyo na siku zilizofuata, na wiki hazikuwa nyingi kabla hajaanza kunigombeza tena kuhusu ukoko.

Akaenda kwenye Meza yake ya kwanza akiwa na mtoto mgongoni. Mzee akamfikia, akamuuliza, "Uko safi?" Akajibu kwa tabasamu la mtu aliyefufuka, "Niko safi kabisa, baba, asante." Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Nilimwona akila ule mkate, akafumba macho, midomo ikitaja jina. Najua ni jina la nani. Ndiyo Meza pekee aliyowahi kuila maishani mwake.

Akina mama wa kanisa walikuja kuona mtoto. Walileta sufuria ya njahi, chakula ambacho kwao hupewa mama aliyejifungua, mkate, maziwa ya pakiti, sabuni. Niliwapikia chai. Chumba kilijaa vicheko, mtoto akipokezanwa, na mmoja wao akauliza kwa wema kabisa Nashipai alikula nini hata akapata nguvu upesi hivyo. Naye akawaambia, kwa furaha, kama mwanamke anavyowapa wenzake siri ya jikoni. Akaeleza hata jinsi ya kuikoroga isigande. Nilikuwa nimeshika birika na niliona nyuso zikifunga moja baada ya nyingine. Aliyekuwa amembeba mtoto alimrudisha kwa mama yake. Mwingine akaweka kikombe chini akasema wamechelewa. Njahi waliziacha, lakini vicheko waliondoka navyo, na kabla jua halijatua Mwangalizi alikuwa ameambiwa.

Walimwita kanisani siku ya kazi, Mwangalizi na wale wazee wawili, nami nikaenda naye kwa sababu mume wake alikuwa zamu. Viti vilikuwa vimepangwa kama mahakamani. Mwangalizi alimuuliza kama alikunywa damu, akasema ndiyo. Akamuuliza kama mbele ya Meza aliulizwa iwapo yuko safi. Akasema ndiyo. "Na ulijibu nini?" Nashipai alinitazama, kisha akamtazama yeye, na ilionekana wazi hajui anatafutwa nini. "Nilisema niko safi," akasema. "Nilikuwa nimepona." Mimi nikaingilia, nikaeleza kwamba aliielewa kama salamu, kwamba mtu yeyote wa Kitengela angejibu vile. Mwangalizi akaninyamazisha kwa mkono. Alisema damu ni kosa la kwanza, na huenda ni la ujinga, lakini kumdanganya Roho mbele ya Meza ni la pili, na hilo halina ujinga ndani yake. Nashipai angekaa benchi la nyuma, na wakati wa Meza angetoka nje, mpaka utakaso wake ukamilike. Akauliza utakaso huo ni wa muda gani. Mwangalizi akajibu kwamba Bwana ataonyesha, na Bwana akionyesha, yeye atamwita.

Nimesoma Maandiko mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta mahali pa kumshika yule mtu, na nakubali kwamba sheria ya damu hakuibuni. Mitume waliandika. Lakini soma ni kwa nini waliandika! Watu wa mataifa walikuwa wanaingia, na kuna waliotaka wabebeshwe Torati nzima kwanza, ndipo mitume wakaketi wakasema hapana, tusiwatwishe mzigo ambao hata baba zetu uliwashinda. Barua nzima ni ya kutua mzigo. Yeye akang'oa mstari mmoja kutoka kwenye barua hiyo akautengeneza mzigo mpya, akamtwika mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Na huyo mwanamke ndiye aliyekuwa mataifa pale. Mimi wa Ukambani sikuambiwa niache kitu chochote cha kwetu. Mwangalizi na wenzake hawakuacha chochote cha kwao. Sheria yote ya Mungu ikapita juu ya vichwa vyetu ikaenda kutua kwenye kibuyu cha Mmaasai.

Nasema hawakuacha chochote kwa sababu niliona. Kanisa lilipopata paa jipya palifanywa karamu nyumbani kwa Mwangalizi, mbuzi wakachinjwa, akina mama tukawa mbele tukipika wali na kukata kabeji, wanaume wakawa nyuma ya nyumba na nyama. Nashipai alikuja pia, akakaa mwisho kabisa, na hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Mimi nilitumwa nyuma kuomba kisu. Nikawakuta wamezunguka ubao, chumvi na pilipili kando, wanakata mutura. Asiyeijua mutura aelewe: ni utumbo wa mbuzi uliojazwa vipande vya nyama na damu yake, ukachomwa juu ya makaa. Beseni lililokinga damu ile shingoni mwa mbuzi lilikuwa pale pale, limebakiwa na wekundu pembeni, na nzi juu yake. Mwangalizi alikuwa anatafuna. Nilisimama, kisu nikakisahau, nikasema, "Mwangalizi, hiyo ni damu." Alinitazama bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo sitasahau, hakuwa hata na aibu ya mtu aliyefumaniwa. Alimeza kwanza. "Hapana, Mwende," akasema. "Hii ni mutura."

Sijui hasira yangu ilitoka wapi, maana nyumbani nilijulikana kwa upole. Niliushika ule ubao kwa mikono miwili, na mutura yake na pilipili yake, nikazunguka nao nyumba nikaenda kuuweka kwenye meza ya mbele, yenye kitambaa cheupe, ambapo maombi yangefanywa. Wanaume wakanifuata, mmoja bado ana kisu. Nikamgeukia mzee wa kwanza, yule yule aliyempitisha Nashipai kwenye Meza, nikamuuliza, "Uko safi?" Na haki ya Mungu, kwa mazoea, mdomo ukiwa bado umejaa, akajibu, "Niko safi." Akina mama wakaangua kicheko, wakakizima. Nikamuuliza wa pili, akafuta mdomo kwa kiganja. Nikamuuliza Mwangalizi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimewavunjia wazee heshima mbele ya watu na kwamba niondoke nyumbani kwake. Niliondoka. Nilimpita Nashipai pale mwisho, na macho yake yalikuwa yananisihi ninyamaze.

Siku ya ibada iliyofuata, nilivyosimuliwa, wanaume walioila mutura ile waliambiwa wasimame mahali walipo. Wakaombewa wote kwa pamoja, wakaketi, na wimbo ukaendelea. Hakuna aliyehama kiti. Kwao utakaso ulikuwa hivyo, na Nashipai aliyatazama hayo kutoka benchi la nyuma, kisha Meza ikaja akainuka akatoka nje. Nilimwuliza jioni hiyo, yeye upande wake wa ukuta na mimi wangu, anangoja nini kwa watu wale. Twende, nikamwambia, makanisa yamejaa mji huu. Nilimsikia akimhamishia mtoto titi la pili. "Wewe unaweza kuondoka kwa sababu ulikuwa ndani," akasema. "Mimi bado sijaingia. Na niko na mtoto huko. Nisipofika, nani atamshika?" Nilimjibu kwa ukali kwamba Mungu hana haja na Mwangalizi ili kumfungulia mtu. Akasema labda, lakini Mwangalizi ndiye aliyembatiza. Mwenye ploti yetu alikuwa mmoja wa wale wazee, na mwisho wa mwezi nikaambiwa chumba kinahitajika. Nikahamia Kajiado, nikapata kazi ya kufundisha watoto wa nasari, na huo ndio mwaka ninaousema.

Hatukupotezana. Alihamia Isinya, akazaa wengine, nami nilimtembelea kila nilipoweza, na kila mara nilimkuta bado anapanda gari kwenda kwenye kanisa lile lile, bado anangoja kuitwa. Mwangalizi alikufa. Nilidhani basi, kifungo kimekufa naye, lakini Nashipai alisema kwamba sasa hakuna hata wa kumwita. Tuligombana kwa ajili hiyo, tena vibaya. Mara ya mwisho kuzungumza alikuwa kitandani, hospitali ya Kajiado, amekonda, na nilimkumbusha habari ya yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu, ambaye hakuwahi kushika sheria hata moja na bado aliahidiwa kuingia siku hiyo hiyo. Nilifikiri nimempata. "Huyo mwizi hakuulizwa," akaniambia. "Mimi niliulizwa, Mwende, na nikajibu." Alikufa na woga huo. Sitaupamba. Mwanamke aliyempenda Mungu kuliko wote niliowajua alikufa akiogopa kwamba amemdanganya, kwa sababu aliulizwa hali akasema amepona. Mimi ninaamini mpaka leo. Ningekuwa siamini, nisingekuwa na hasira kiasi hiki.

Baada ya kaburi kufunikwa tulikaa kula. Mchungaji wa sasa wa kanisa hilo, kijana mwenye adabu, aliketi meza yetu akanisalimia kwa mikono miwili. Naserian, aliyekuwa kitoto cha mgongoni na sasa ni mama wa watoto wake, alikuwa anapitisha chai. Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza yule kijana ni mpaka lini wataendelea kutoa watu nje ya Meza kwa ajili ya damu. Alishangaa kikweli. "Hiyo sheria?" akasema. "Mama, hiyo tuliiacha zamani." Akaeleza kwamba Mwangalizi mwenyewe ndiye aliyeiondoa, mwaka mmoja kabla ya kufa. Yeye alikuwa kijana wa kwaya, aliyaona kwa macho yake. Mzee alisimama akalia, akasema alikosea, kwamba neema haigawanywi kwa vipimo, na yeyote aliyewahi kutolewa nje arudi ndani. Lilikuwa jambo la kugusa sana, akasema, watu wengi walilia.

Nikamuuliza mzee alisema hayo saa ngapi ya ibada.

Akafikiri. "Wakati wa Meza," akasema, kisha akaacha kutafuna.

Maana wakati wa Meza mlango hufungwa, na anayehusika alikuwa nje yake. Nilimuuliza kama hakuna mtu hata mmoja, siku hiyo au iliyofuata, aliyemwambia Nashipai. Alisema walidhani anajua. Walimwona kila mara anainuka anatoka, wakadhani ni unyenyekevu wake mwenyewe, na hata vijana walifundishwa wamtazame yeye kama mfano. Alikuwa anasema kweli, na kila neno lilinichoma. Sikuwa nimetambua kwamba Naserian amesimama nyuma yetu na birika.

"Alikuwa kwa mlango," Naserian akasema. "Mngemwita tu jina."

Mchungaji akasema pole. Akasema tena pole. Naserian alizunguka meza akijaza vikombe, cha huyu, cha huyu, changu, na alipofika kwa mchungaji, aliyekuwa ameshainua chake akingoja, akampita akaenda meza nyingine. Mungu anisamehe, nilifurahi.